Albamu Moja ya Mapenzi, Hukumu Mbili

Novemba 17, 1980, John Lennon alirudi sokoni baada ya kimya cha miaka mitano, na alichokileta sicho watu walichokuwa wakikingojea. Hakikuwa wimbo wa kupinga vita, hakikuwa tusi kwa serikali, wala kijembe kwa Paul McCartney, mwenzake wa zamani wa bendi. Alileta nyimbo saba kuhusu mke wake, mtoto wake na raha ya kukaa nyumbani, akazichanganya na nyimbo saba za mke huyohuyo, Yoko Ono. Zinakwenda kwa zamu: mume anaimba, mke anajibu. Albamu ikaitwa Double Fantasy, na jalada lake lilikuwa picha nyeusi na nyeupe ya Mjapani Kishin Shinoyama, wawili hao wakibusiana.

Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi, na baadhi yao waliiponda bila huruma. Haikupita hata mwezi, albamu hiyohiyo, yenye nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule, ilikuwa ikisifiwa pande zote za dunia. Februari 1982 ikatwaa tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka.

Hakuna noti hata moja iliyobadilishwa katikati ya hukumu hizo mbili. Kilichobadilika ni kwamba usiku wa Desemba 8, 1980, Lennon alipigwa risasi mlangoni pa jengo la Dakota, New York, alikokuwa akiishi.

Kisa hiki kina umri wa zaidi ya miaka arobaini, na bado kinafaa kusimuliwa upya kila staa anaporudi na albamu ya mapenzi, kwa sababu kinaonyesha ugonjwa wa uhakiki wa muziki ambao haujapona. Nyimbo za mapenzi huhukumiwa kwa habari za wapendanao. Ndoa ikinawiri, albamu ni ya kujidai. Mmoja akifa, albamu ni hazina. Wakiachana, albamu ni kichekesho. Wimbo wenyewe, yaani sauti, mdundo, maneno na jinsi vilivyounganishwa, huwa wa mwisho kuulizwa.

Lakini wale walioiponda albamu ya Lennon mwezi ule wa Novemba hawakuwa wajinga, na haki yao wapewe. Ili kuwaelewa, lazima mtu akumbuke Lennon alikuwa wapi na dunia ilikuwa wapi.

Albamu yake ya mwisho ya studio kabla ya hapo, Rock 'n' Roll, ilitoka Februari 1975, nayo ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo za watu wengine wa ujana wake. Oktoba 9 mwaka huohuo, siku alipotimiza miaka 35, Yoko alimzaa Sean. Lennon akaamua kukaa nyumbani. Alilea mtoto, akaoka mikate, akamwachia mke wake vitabu vya hesabu na mikutano na mawakili. Kwa mwanamume wa kizazi chake, tena aliyekuwa amekosa kumlea mtoto wake wa kwanza, Julian, kwa sababu ya ziara na umaarufu, huo haukuwa uamuzi mdogo. Kiangazi cha 1980 alisafiri kwa jahazi kutoka Newport, Rhode Island, hadi Bermuda. Huko nyimbo zikaanza kumjia. Huko pia, kwenye bustani ya mimea, aliona ua lenye kibao kilichoandikwa jina ambalo baadaye lilikuwa la albamu. Na katika klabu moja ya kisiwani alisikia wimbo Rock Lobster wa kundi la The B-52's, akashtuka: sauti zile za kupiga vigelegele na kukwaruza ndizo alizokuwa akizifanya Yoko miaka kumi nyuma, watu wakimcheka.

Agosti wakaingia studio ya Hit Factory, New York, pamoja na mtayarishaji Jack Douglas. Waliajiri wapigaji wa daraja la kwanza: Tony Levin kwenye besi, Andy Newmark kwenye ngoma, Earl Slick na Hugh McCracken kwenye magitaa. David Geffen, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanzisha kampuni yake ya kurekodi, akaichukua kazi hiyo kabla hajasikia wimbo hata mmoja.

Sasa tazama upande wa pili wa bahari. Uingereza ya vuli hiyo ilikuwa ya Margaret Thatcher, na tangu Agosti idadi ya wasio na ajira ilikuwa imevuka milioni mbili. Vijana waliokuwa wakisoma magazeti ya muziki walikuwa wamelelewa na panki. The Clash walikuwa wametoa London Calling Desemba iliyotangulia. Na huku Marekani, jarida la Esquire la Novemba 1980 lilikuwa limeandika kwa kirefu kuhusu utajiri wa Lennon: majumba, mashamba, na ng'ombe wa maziwa ambao Yoko aliwekeza fedha kwao, mmoja akiuzwa kwa takriban robo milioni ya dola. Ndipo akatokea mtu yuleyule aliyewahi kuimba kuhusu dunia isiyo na mali, akiwasimulia wasikilizaji wasio na kazi jinsi kukaa nyumbani kulivyo kutamu.

Charles Shaar Murray wa gazeti la New Musical Express ndiye aliyelisema kwa ukali kuliko wote. Kwa ufupi, aliandika kwamba maisha ya wawili hao yanaonekana mazuri, ila santuri iliyotokana nayo haifai, na kwamba heri Lennon angeendelea kunyamaza mpaka apate jambo la kuwaambia watu ambao hawakumwoa Yoko Ono. Ni maneno makali, na yana chumvi. Lakini ndani yake kuna hoja halisi ya uhakiki, kwamba furaha ya mtu binafsi haigeuki kuwa sanaa kwa sababu tu ni ya kweli. Inahitaji kutengenezewa mlango ili msikilizaji naye aingie.

Je, Lennon alitengeneza mlango huo? Hapo ndipo penye kazi, na ndipo wengi, wa Novemba na wa Desemba, walipopapita haraka.

Chukua wimbo wa kwanza, (Just Like) Starting Over. Unaanza kwa mlio wa kengele ndogo, laini. Shabiki aliyemfuata tangu mwanzo anaijua kengele nyingine, ile nzito ya msiba iliyofungua albamu yake ya mwaka 1970, kwenye wimbo wa kumlilia mama. Baada ya kengele hii mpya anaingia na sauti ya kuigiza Elvis na Roy Orbison, mtindo wa miaka ya hamsini, kana kwamba amerudi alipokuwa na miaka kumi na sita. Wapo walioliona hilo kuwa uzee. Kwa sikio lisilo na haraka ni ufundi, kwani mtu anaimba kuhusu kuanza upya, na muziki wenyewe umerudi mwanzo.

I'm Losing You ni jambo jingine kabisa. Una gitaa kali na ngoma nzito, na sauti ya mtu aliyepiga simu kutoka Bermuda asimpate mkewe. Kisha, bila hata kupumua, Yoko anamjibu kwa I'm Moving On, wimbo wa mwanamke aliyechoka kudanganywa. Mtu anayedai albamu hii ni ya ndoa tamu tu aliziruka nyimbo hizi mbili. Wawili hawa waliwahi kutengana. Kati ya 1973 na mwanzo wa 1975 Lennon aliishi na mwanamke mwingine, na kovu lake linasikika. Beautiful Boy, wa kumlaza Sean, una mawimbi ya bahari na mlio wa ngoma za chuma za Karibi, na hauna haya kuwa mtamu. Watching the Wheels ni jibu lake kwa wote waliomuuliza kwa nini ameacha kazi, na pengine ndio wimbo bora wa upande wa Lennon.

Upande wa pili wa mizani, Dear Yoko ni uchangamfu usio na uzito, na Cleanup Time isingekosekana kama ingeachwa. Utayarishaji nao ni laini mno, kila kitu kimepigwa msasa hadi kinateleza. Mwaka 2010 Yoko na Jack Douglas walitoa toleo lililopunguzwa mapambo, na sauti ya Lennon ikatokea mbele ikiwa na mikwaruzo yake. Toleo hilo lenyewe ni ushahidi kwamba waliolalamikia msasa mwaka 1980 hawakukosea.

Basi ukiziweka pamoja, hii ni albamu nzuri yenye nyimbo tano au sita za kudumu, yenye ulegevu hapa na pale, na yenye wazo la ujasiri: ndoa ikiimbwa na pande zote mbili, mke akiwa na nafasi sawasawa na mume. Haikustahili dharau ya Novemba. Wala haikuwa kilele cha kazi ya Lennon, kama ilivyotangazwa Januari.

Soko lilisema hivyohivyo kabla ya msiba. Nchini Marekani albamu ilikuwa imefika namba 11, Uingereza namba 14. Wimbo wa kwanza ulikuwa umepanda hadi namba 8 Uingereza na kuanza kushuka. Si maanguko, ila si tamasha pia. Ni mapokezi ya kawaida kwa staa mkubwa aliyekaa nje muda mrefu.

Kisha ikaja Desemba 8. Alasiri, Lennon alipokuwa akitoka Dakota kwenda studio, kijana mmoja alimpa nakala ya Double Fantasy amsainie. Akamsainia. Karibu saa tano usiku, alipokuwa akirudi na Yoko kutoka kuchanganya wimbo wa Walking on Thin Ice, kijana huyohuyo akamfyatulia risasi mgongoni.

Yaliyofuata katika chati yanafahamika. Albamu ikapanda namba 1 pande zote mbili za Atlantiki. Marekani ikakaa hapo wiki nane. Uingereza, ndani ya miezi miwili, Lennon alishika namba 1 kwa nyimbo tatu tofauti: Starting Over, Imagine iliyotolewa upya, na Woman. Hayo yalikuwa maombolezo ya umma, na hakuna wa kuyalaumu. Watu walinunua santuri kwa sababu hawakuwa na jeneza la kusindikiza. Yoko alikataa kufanya mazishi ya hadhara na badala yake akaomba dakika kumi za kimya, zilizotimizwa Desemba 14.

Kilichofanyika ndani ya vyumba vya habari ndicho chenye kuulizwa. Baadhi ya tahakiki kali zilizokuwa zimeshaandikwa ziliwekwa kando zisichapwe. Kibinadamu inaeleweka. Marehemu hasemwi vibaya, na wiki ile hakuna mhariri ambaye angetaka jina lake likae chini ya kichwa cha habari kinachomsuta mtu ambaye damu yake haijakauka. Lakini kuahirisha ni jambo moja, na kufuta ni jingine. Tahakiki iliyoandikwa Novemba ingeweza kuchapwa Februari ikiwa na tarehe yake juu, pamoja na aya mbili za mwandishi kueleza kama amebadili mawazo na kwa nini. Msomaji angenufaika na mabishano hayo. Alichopewa ni ukimya, kisha sifa, na katikati hakuna aliyeeleza albamu imegeukaje kutoka chapwa kuwa tukufu.

Na kweli yapo ya kueleza. Kifo hubadilisha usikilizaji. Wimbo wa baba anayemwahidi mwanawe kwamba ana hamu ya kumwona akikua haukusikika Desemba 9 kama ulivyosikika Desemba 7. Anayedai vinginevyo anajidanganya. Hata kengele ile ya mwanzo ilibadilika. Ila kazi ya mhakiki ilikuwa kuvitenganisha vitu hivyo viwili mbele ya msomaji: hiki ndicho Lennon alichokiweka kwenye utepe, na hiki ndicho msiba ulichokiongeza juu yake. Wachache waliifanya kazi hiyo. Mwishoni mwa muongo, jarida la Rolling Stone liliiweka Double Fantasy ndani ya orodha yake ya albamu mia bora za miaka ya themanini, na kufikia hapo ilikuwa vigumu kujua ni albamu iliyokuwa ikisifiwa au ni kumbukumbu ya mtu.

Sasa kigeuze kisa hicho juu chini, ufike mwaka 2024.

Februari 16 mwaka huo Jennifer Lopez alitoa This Is Me... Now, albamu yake ya kwanza ya studio tangu A.K.A. ya Juni 2014. Jina lilitungwa makusudi lijibu albamu yake ya Novemba 2002, This Is Me... Then, aliyoitoa akiwa katika mahaba mazito na mwigizaji Ben Affleck. Uchumba ule ulivunjika Januari 2004. Wakarudiana mwaka 2021, wakafunga ndoa Las Vegas Julai 2022, na mwezi uliofuata wakafanya sherehe kubwa Georgia. Albamu mpya ndiyo iliyokuwa hadithi hiyo. Ile ya 2002 ilikuwa na wimbo Dear Ben. Hii ikaja na sehemu ya pili. Juu yake akaongeza filamu ya muziki iliyoonyeshwa Prime Video siku ileile, aliyoitengeneza kwa takriban dola milioni 20 za mfukoni mwake, na baada ya siku kumi na moja filamu ya pili, ya kumbukumbu, iliyosimulia jinsi albamu na filamu hiyo zilivyotengenezwa.

Humo kwenye filamu ya kumbukumbu kuna jambo ambalo mhakiki yeyote angelishika. Affleck alikuwa amekusanya barua walizoandikiana tangu uchumba wa kwanza, akazifunga kitabu akampa mkewe zawadi. Lopez akawaonyesha watunzi na watayarishaji wake kitabu hicho ili kipate kuzaa nyimbo. Mume, kamera ikimwelekea, anaonekana wazi hajatulia.

Wahakiki walichanganyika. Filamu ilipata huruma zaidi, wengi wakiisifu kwa kuthubutu, kwani wazimu wake ulikuwa na uhai. Albamu ilionekana safi lakini isiyo na chumvi: midundo ya R&B iliyonyooshwa kwa pasi, sauti iliyofichwa nyuma ya kwaya yake yenyewe, maneno yanayotangaza mapenzi makubwa bila kuonyesha hata chumba kimoja ambamo mapenzi hayo yanaishi. Kwenye chati ya albamu ya Billboard iliingia katika namba 38. Mei 31 ziara yote ya majira ya joto ikafutwa. Agosti 20, siku ya kumbukumbu ya sherehe ya Georgia, Lopez akawasilisha ombi la talaka.

Hapo ndipo wahakiki waliporudi mara ya pili, safari hii wakiwa na vicheko. Albamu ikawa ushahidi mahakamani. Kila ubeti ukasomwa upya kama uongo au kama upofu, na waliokuwa wameisifu kidogo wakajikuta wanajitetea. Mantiki iliyotumika ni ileile ya 1980 ikiwa imegeuzwa, kwamba tukio la baadaye ndilo linaloamua thamani ya wimbo wa kabla yake.

Ni mantiki mbovu. Udhaifu wa This Is Me... Now ulisikika Februari, ndoa ikiwa bado ipo kwenye karatasi. Ulikuwa udhaifu wa utunzi. Lennon alipoimba kuhusu kugombana na mkewe alimpa mkewe kipaza sauti ili ajibu. Lopez alimtaja Affleck kwa jina, lakini katika nyimbo zenyewe mtu huyo hana sura, hana kauli, hana hata tabia ya kuudhi. Msikilizaji anaambiwa amini, huku haonyeshwi cha kuamini. Kama wangebaki pamoja mpaka uzeeni, kasoro hiyo ingebaki palepale. Na kama albamu ingekuwa kali, talaka isingeipunguzia kitu. Here, My Dear ya Marvin Gaye ilizaliwa na talaka mwaka 1978, sehemu ya mapato yake ikiwa imeahidiwa kwa mke aliyekuwa akiachwa, Anna Gordy. Ilipokewa vibaya, na leo inahesabiwa miongoni mwa kazi zake kubwa, bila ndoa ile kufufuka.

Kuna utetezi mmoja wa wahakiki ambao hauwezi kupuuzwa. Lopez ndiye aliyeiweka ndoa mezani. Huwezi kuuza kitabu cha barua zako, filamu ya mapenzi yako na filamu kuhusu filamu hiyo, kisha ukataka watu wazungumzie mpangilio wa ala tu. Lennon na Yoko nao walikuwa hivyohivyo. Wao ndio waliofunga ndoa Gibraltar mwaka 1969 kisha wakawaalika waandishi wa habari chumbani mwao Amsterdam. Staa anayeyafanya maisha yake kuwa bidhaa amempa mhakiki ruhusa ya kuyatazama. Sawa. Lakini ruhusa ya kutazama si sababu ya kuacha kusikiliza.

Tofauti inaonekana kwa msanii aliyefunga mlango. Sade Adu, mzaliwa wa Ibadan, alitoa Lovers Rock Novemba 2000, miaka minane baada ya Love Deluxe. Ilikuwa albamu ya kurudi, na ya mapenzi tangu jina lake, lililotokana na tawi la rege ya mahaba iliyostawi London miaka ya sabini. Lakini Sade hutoa mahojiano kwa nadra sana, na maisha yake ya ndani hayauzwi. Wahakiki wakabaki hawana cha kuandika isipokuwa muziki. Wakaandika muziki: walioipenda wakasifu jinsi saksofoni ya zamani ilivyopunguzwa na gitaa la kawaida kuja mbele, wasioipenda wakalalamika kwamba ni tulivu mno na nyimbo zinafanana. Ni malalamiko ya haki, mtu anaweza kuyapima kwa sikio lake leo usiku. Albamu ikapata Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa pop mwaka 2002, miaka ishirini kamili baada ya ile ya Lennon. Hakuna aliyelazimika kufa wala kuachika.

Msomaji wa huku hana haja ya kwenda New York kuutafuta ugonjwa huu. Kurasa za burudani za magazeti ya Kiswahili, na vipindi vya mchana vya redio, vimejaa. Msanii wa Bongo Fleva akitoa wimbo wa mapenzi, swali la kwanza studioni ni nani kaimbiwa. La pili ni kama wamerudiana. Swali la tatu lingeweza kuwa kuhusu wimbo, ila muda wa kipindi huwa umekwisha. Cha ajabu ni kwamba wapenzi wa taarab, wanaoshutumiwa kila siku kwa umbea, wanalifahamu jambo hili kuliko wahakiki wa London. Ukumbini mwanamke huinuka akamtunza mwimbaji kwa ubeti ambao hajui ulitungiwa nani, tena hajali. Ameuchukua, ameupeleka kwa mbaya wake aliyeketi meza ya tatu. Ugomvi wa mtunzi umekwisha zamani, ubeti unaendelea na kazi.

Wahariri wangeweza kufanya jambo dogo. Wamwache mwandishi wa habari za mastaa aandike kuhusu ndoa, na mhakiki aandike kuhusu albamu, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Na hukumu ikibadilika, msomaji aambiwe imebadilika lini na ni nini kilichoibadilisha.

Kuhusu Double Fantasy, kuna sehemu moja ya albamu hiyo ambayo msiba haukuibeba, nayo ni nyimbo za Yoko. Mwaka 1980 mashabiki wengi wa Lennon waliinua sindano ya santuri kila zamu yake ilipofika, na baada ya kifo wakaendelea kuzivumilia kwa heshima ya mjane. Hata hivyo Kiss Kiss Kiss na Give Me Something ndizo zilizokuwa karibu zaidi na muziki mpya wa wakati ule, na wapo wahakiki wa Novemba walioliona hilo. Karne mpya ilipoingia, ma-DJ wa klabu za dansi wakaanza kuzichanganya upya. Every Man Has a Woman Who Loves You, uliotoka kwenye albamu hiyo, ulifika namba 1 ya chati ya dansi ya Billboard mwaka 2004 katika toleo jipya, na mwaka 2010 Give Me Something nao ukafika hapohapo. Yoko alikuwa amepita miaka sabini na mitano, na wengi wa waliokuwa wakicheza walikuwa hawajazaliwa wakati Lennon anauawa.